Mikorosho Minne Isiyopigwa Salfa

Nina cherehani yangu Masasi, kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya shule, na wateja wangu wananijua kwa kero moja: nguo inayonuka salfa siipokei. Nitashona sare, nitapunguza suruali ya marehemu ivaliwe na mjukuu, nitaziba hata matundu ya panya, lakini ukiniletea shati ulilovaa ukipuliza mikorosho, na hujalifua, nitakurudishia mbele za watu. Wengine wanasema nina maringo. Mwanzoni mwa msimu huu mzee mmoja aliniambia, "Fundi, hiyo ndiyo harufu iliyokusomesha," na alikuwa na haki kabisa. Nikamwambia akalifue kwanza. Alipoondoka nikagundua nimeshika mkasi muda mrefu bila kukata kitu.

Ningemweleza nini? Wiki tatu kabla ya siku ile tulikuwa tumemzika kaka yangu Mfaume. Na kati yangu na Mfaume kulikuwa na jambo la salfa, jambo la asubuhi moja tu, ambalo kwa miaka kadhaa niliamini lilimponya, kisha kwa miaka mingine nikaamini lilikaribia kumuua. Nimelibeba hivyo, mara linaegemea huku, mara kule, kama ndoo isiyokaa sawa kichwani. Wa rika langu mliokulia kwenye mikorosho mtanielewa upesi. Wengine mnivumilie.

Kwetu ni Newala, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Mkunya. Baba alikuwa na mashine ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni, na msimu ulipofika alikodiwa kila upande. Alirudi amekuwa wa njano, nyusi za njano, kope za njano, na mama hakumruhusu kuvuka kizingiti mpaka aoge uani. Mifuko ya salfa ilikaa stoo ya nje, na ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Salfa ni unga laini kuliko ngano, na ukipulizwa, mkorosho mzima unapotea ndani ya wingu. Bila unga huo ubwiriunga, ule ugonjwa mweupe wa mikorosho, hukausha maua, na mwaka wa watu unaishia hapo. Nyumba yetu ilizungukwa na mikorosho minne mikubwa ya marehemu babu, na hiyo baba aliipuliza kwanza kabla ya kwenda kwa mtu yeyote.

Mfaume alinizidi mwaka na miezi, lakini mimi nilimzidi kimo, kilo na makelele. Wageni walimwuliza mama, "Huyu wa kiume ndiye kitinda mimba?" na Mfaume aliondoka amenuna. Alikula sana. Alimaliza ugali wake, akamaliza na wangu nikizubaa, na bado mbavu zake zilihesabika. Na alikohoa. Siikumbuki nyumba yetu bila kikohozi chake. Tulikizoea mpaka tukawa hatukisikii, tukashtuka tu kilipokoma. Mara mbili walimpa dawa za kifua kikuu, miezi sita na miezi sita mingine, na mara zote mbili vipimo vilikuwa vimekataa. Alipewa tu, maana mtoto anayekohoa na kukonda, watu walidhani, atakuwa na nini kingine?

Halafu ilikuwapo chumvi. Mbuzi wa jirani walimfuata Mfaume kuliko walivyomfuata mtu mwenye majani, wakamlamba viganja mpaka akacheka na kukohoa. Siku moja tulibishana kuhusu hilo, nikamlamba kipaji cha uso, na kweli, chumvi tupu. Nilikwenda moja kwa moja kumshtaki kwa mama kwamba Mfaume anaiba chumvi jikoni na kujipaka. Nilitegemea atapigwa. Mama alimvuta, akamlamba na yeye hapo hapo, akakaa kwenye kinu.

Nafikiri ni chumvi hiyo iliyowafikisha mama na Mfaume Dar. Hospitali ya misheni palikuwa na daktari mpya, mwanamke mpole mwenye miwani, naye aliposikia mama akiitaja aliuliza mara tatu, "Chumvi? Una hakika, mama?" Akawaandikia karatasi. Walikaa Dar wiki nzima, na waliporudi nikaambiwa kwamba Mfaume amepimwa jasho. Nilishindwa kabisa kuelewa. Watu wapande basi siku nzima kwenda kupimwa jasho, wakati Newala jasho lilikuwepo tele na kilichokosekana ni maji? Walirudi pia na jina la ugonjwa, sistiki faibrosisi, ambalo baba hakuwahi kulitamka likafika mwisho. Yeye aliita "ile ya Dar", na ikabaki hivyo nyumbani kwetu. Tuliambiwa ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, hauambukizi, na hauishi.

Tangu hapo mama alimpiga mgongo asubuhi na jioni. Alimlaza kifudifudi mapajani, akakunja kiganja kama anayeteka maji, akampigapiga mbavuni mpaka makohozi yalegee. Ile pa-pa-pa ilisikika mbali, na jirani mmoja akaja kumwombea msamaha: "Mama Mfaume, msamehe mtoto. Amekosa nini kila siku?" Nilicheka sana, ila ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Mimi nilipigwa kwa makosa, yeye alipigwa huku akiimbiwa. Alikuwa na yai lake, mafuta yake juu ya ugali, na chumvi ya ziada kwenye uji, mtu ambaye chumvi ilikuwa ikimtoka mwilini. Nilijaribu kutafuta mantiki ya wakubwa, nikaanza kuamini kwamba hawana.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la nne. Kikohozi cha Mfaume kilibadilika. Kifua kilianza kupiga mluzi, na alitema vipande vya kahawia, vigumu kidogo, ambavyo mama alivipokea kwenye kopo na kuvitazama kwenye mwanga. Alilala amekaa. Usiku nilimsikia akivuta hewa kwa shida kama mtu anayekokota kitu kizito sakafuni. Ilipofika likizo ya mwezi wa sita tulikwenda wote watatu hospitali ya misheni, na mimi nikawekwa kwenye benchi karibu na mlango, mahali ambapo wakubwa hudhani mtoto hasikii.

"Mama, hii siyo TB," daktari alisema. "Kuna kuvu imeota kwenye njia zake za hewa."

"Kuvu? Kuvu hii ya kwenye mkate?"

"Ndugu yake. Ipo kwenye vumbi, kwenye majani yanayooza, kwenye makopa yaliyokaa vibaya. Wewe na mimi tunaivuta kila siku, mwili unaitoa. Yeye makohozi yake ni mazito kama ulimbo. Ikiingia inanasa, inakaa, na mwili unapigana nayo mpaka unajiumiza wenyewe."

"Sasa dawa yake, dokta?"

"Ipo, ni vidonge, lakini hapa vimeisha. Nimeagiza. Mrudi baada ya wiki mbili. Akizidiwa kabla ya hapo, msingoje, mleteni."

"Wiki mbili," mama alisema. Hakuuliza, alirudia tu, na tulipotoka alirudia tena njiani, mara mbili au tatu.

Neno moja katika maneno hayo lilinichoma mimi, nalo ni makopa. Muhogo wetu mkavu ulikaa darini, na kazi ya kuuteremsha, kukung'uta vumbi na kuubandua ule unga wa kijani na mweusi kabla ya kutwanga ilikuwa yangu. Mfaume hakuweza kutwanga, kwa hiyo alikaa pembeni yangu kunipigia hadithi. Mwaka mzima nilikung'uta makopa yale miguuni pake. Kumbe nilikuwa nampandia kuvu kifuani, tena kila siku, huku tukicheka. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba kama mimi ndiye niliyeiingiza, mimi ndiye nitakayeitoa.

Na dawa yake niliijua. Wiki chache kabla ya likizo bwana shamba alikuja darasani kwetu na tawi la mkorosho lenye maua yaliyonyauka, akalipitisha dawati kwa dawati. "Huu weupe mnaouona siyo vumbi, ni kuvu," alisema. "Inakula maua. Mzazi akichelewa, mwaka umekwenda. Dawa yake ni salfa, na ipulizwe alfajiri, umande ungali kwenye majani, ili ishike." Alituuliza kwa zamu mpaka kila mmoja akajua kujibu. Kuvu, salfa, alfajiri, umande, usichelewe. Kwa hiyo nilipomsikia daktari akisema wiki mbili nilimwona mtu mwema lakini asiyejua kazi. Wiki mbili ndani ya ubwiriunga? Si maua yote yatakuwa yamekwisha?

Kilichobaki ilikuwa salfa yenyewe, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa baba, na baba alikuwa analala huko huko mashambani alikokodiwa. Jumamosi nilipokwenda kuchota unga wa ugali, nyuma ya chungu cha unga mkono wangu uligusa kitu laini. Kilikuwa kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa fundo, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nilinusa, nikajua. Salfa ndani ya nyumba yetu, jikoni, nyumba ambayo baba mwenyewe haingii kabla ya kuoga! Mtu mwenye akili zake angejiuliza imefikaje pale. Mimi sikujiuliza. Niliona nimepewa.

Jumapili alfajiri mama alitoka na ndoo zake kuwahi foleni ya maji. Nikasubiri mpaka hatua zake zikaisha, nikachota kopo moja kwenye mtungi, nikamwamsha Mfaume aliyekuwa amelala amekaa, ameegemea ukuta.

"Vua shati," nikamwambia.

"Unataka nini?"

"Nakutibu kuvu."

Nikammwagia maji kifuani na mgongoni, kwa sababu ya umande. Alitetemeka lakini hakukataa. Alikuwa amechoka na alikuwa tayari kwa lolote. Nilipotoa kile kifundo alikitazama sana. Alinyoosha mkono, akagusa kile kitambaa kwa kidole, akanitazama.

"Mama ndiye aliyekuambia?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. "Ee," nikasema, "amesema tufanye asubuhi hii."

Nikamkung'utia salfa kwa kupitia kile kitambaa, kama nilivyowaona wasio na mashine wakifanya, mbele, mgongoni, kwapani. Ilishika vizuri sana. Nilijisikia fundi. Mfaume akajiangalia, akasema kwa sauti yake ile ya kukatikakatika, "Lakini kuvu haiko kwenye ngozi. Iko ndani." Nikaona ana akili kunizidi. Akafumba macho, akafungua mdomo, nami nikakikung'uta kifundo mbele ya mdomo wake, na yeye akavuta hewa kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Sikuwahi kumsikia mtu akikohoa vile. Baadaye hakukohoa tena, na hapo ndipo nilipoogopa, maana alikuwa anafungua mdomo na hakuna kilichoingia. Midomo ilibadilika rangi. Nilimfuta kwa kanga ya mama iliyokuwa kwenye kamba, nikamfuta uso, kifua, ulimi, nikakitupa kile kitambaa chooni, nikatoka mbio nikipiga kelele. Jirani, yule wa kuomba msamaha, alikuja akambeba. Walimweka kwenye bodaboda katikati, dereva mbele na jirani nyuma, wakaondoka. Mama alikutana nao njiani akiwa na ndoo kichwani. Nilisikia baadaye kwamba aliiacha pale pale barabarani, maji yote yale, na hakuna aliyewahi kumwona mama yangu akiacha maji.

Nililala kwa mama mdogo karibu mwezi mzima, na muda wote nilingoja kuitwa. Kila mtu mzima aliyefungua mlango nilijua amekuja kunichukua. Hakuna aliyekuja. Nilisikia kwamba Mfaume alipita kwenye wingu la mashine ya jirani, ndiyo maana alikutwa na salfa mwilini; amesema mwenyewe hospitali. Nilisikia vidonge vya kuvu vimefika, na vingine vya kupunguza ule ugomvi wa mwili. Hayo yote yaliingia sikio hili yakatokea lile, kwa sababu siku waliporudi nilimwona Mfaume kwa macho yangu.

Alikuwa amenenepa. Mashavu yamejaa, uso umekuwa mviringo kama wa mtoto wa maziwa, anakula mpaka mama anacheka. Mluzi umekwisha. Usiku alilala chali, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na mimi nikakaa macho nikimsikiliza. Salfa imeshika! Leo najua mashavu yale yalitokana na vidonge, na kwamba hayakuwa unene wa afya. Siku ile nilichojua ni kwamba nimempulizia mtu na amepona kama mkorosho, na kwamba siwezi kumwambia yeyote.

Halafu mama akafanya jambo lililonivuruga kabisa. Baba alipotoa mashine kupuliza kwa mara ya pili ile mikorosho minne ya nyumbani, mama alisimama mlangoni. "Baba Mfaume, hii usiiguse. Salfa isikaribie nyumba hii tena." Baba alibishana kidogo, kwa sababu ilikuwa mikorosho mizuri, kisha akaiacha. Mwezi wa nane maua yake yakageuka meusi yakadondoka. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Nilimwona mama mjinga, Mungu anisamehe. Dawa iliyomponya mwanawe anaifukuza nyumbani! Nilipokuwa nikifagia yale maua yaliyokauka nilimkasirikia kwa kila fagio.

Niliishi na imani hiyo mpaka kidato cha pili, nilipompeleka Mfaume hospitali mwenyewe. Ile kuvu ilikuwa imerudi, ilikuwa ikirudi kila baada ya muda, na yule daktari alikuwa bado yupo, miwani mizito zaidi. Nikamwuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza la kupitishia muda: salfa ingeweza kuua kuvu ya mapafu? Aliacha kuandika. "Salfa? Ingemuua yeye kabla ya kuvu," alisema. "Mapafu kama haya hata moshi wa jikoni ni adui. Mnamwekea mbali, si ndiyo?" Nikasema ndiyo.

Siku hiyo hiyo, kwenye benchi tukingoja dawa, nilimwambia Mfaume yote, makopa, bwana shamba, na hasa ule uongo. Nilikuwa nalia na watu walitutazama, wakidhani yeye ndiye aliyenipa habari mbaya. Aliningoja nimalize.

"Mimi ndiye niliyefungua mdomo," akasema.

"Ulifungua kwa sababu nilikudanganya. Nilisema mama ameniambia."

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ubao wa benchi. Alipopata pumzi akasema, "Hukudanganya sana." Nikamwuliza ana maana gani. Akatikisa kichwa. "Ila usimwambie mama. Niahidi. Ukimwambia wewe, utamwumiza mara mbili."

Niliahidi, na sikuelewa. Mara mbili kwa vipi? Nilidhani anahesabu yeye na mimi, watoto wawili. Nilimwuliza tena tukiwa wakubwa, mimi nimeshahamia Masasi na cherehani yangu, yeye akiwa anatengeneza simu pale Newala kwa miezi aliyoweza na kulala hospitali kwa miezi asiyoweza. Kila mara alibadilisha mazungumzo. Akaniuliza lini nitapokea nguo za wakulima, maana nitakufa njaa.

Alikufa mwaka huu. Mapafu yalikuwa yamebaki kidogo sana, na kuvu haikuwa peke yake humo. Daktari alitaja vingi na mimi nikaacha kusikiliza. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Wanasema alikwenda mbali kuliko walivyotegemea, na mimi maneno hayo nayachukia, hata yakisemwa na watu wema.

Nilirudi nyumbani kwa arobaini, nikabaki siku chache baada ya wageni kuondoka. Asubuhi ya tatu nilikuwa nimekaa barazani na mama, anachambua mchele, nami nakunja nguo za marehemu za kugawa. Baba, ambaye siku hizi anapuliza miti yake tu, alitoka stoo na mashine mgongoni. Alipita nyumba kuelekea shamba la chini, kama afanyavyo kila mwaka.

"Baba Mfaume," mama akaita.

Baba akageuka.

"Anza na hii minne."

Wote watatu tulikuwa tumesikia jina alilomwita, na wote tulikuwa tumeelewa kwa nini sasa minne hii inaweza kupigwa. Baba akaanza kuvuta kamba ya mashine, na mashine ikakataa, akavuta tena. Mimi nikaona nikikaa kimya siku ile, nitakaa kimya mpaka naye nimzike.

"Mama," nikasema, "ile asubuhi, Mfaume hakupita kwenye mashine ya jirani."

"Najua."

"Ni mimi."

"Najua, mwanangu. Kanga yangu ilinuka salfa mwezi mzima. Nilifua mpaka ikapauka."

Nilimtazama. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nikamwuliza mbona hakunipiga, mbona hakuniuliza hata neno moja, miaka kumi na tano.

"Uliitoa wapi?" akauliza.

"Nyuma ya chungu cha unga."

"Na pale iliwekwa na nani?"

Nilikuwa nimelichambua jambo lile kila pembe, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Mama akaweka ungo chini.

"Kile kifundo nilikifunga mimi," akasema. "Nilimfuata baba yako huko alikokodiwa, nikamwomba ufunguo, nikasema nataka jembe. Wiki mbili zilikuwa nyingi mno. Nami nilijua salfa inatibu kuvu, nani hajui? Nilipanga Jumatatu, baba yako akiwa bado mbali. Nimpake, nimvutishe kidogo. Wewe ukanitangulia siku moja."

Mashine ilikuwa imewaka. Alilazimika kupaza sauti, na maneno yale hayakuwa ya kupazia sauti.

"Kila nilipoinua mkono kukupiga, niliona ni mkono ule ule ulioifunga salfa."

"Mfaume alijua?"

"Alinikuta nikifunga. Nilimwambia ni dawa yake, asimwambie baba. Basi ulipompelekea, akadhani nimekutuma mimi." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kule hospitali aliona nilivyoshtuka, akajua hukutumwa, na alipoweza kusema, jambo la kwanza aliniambia, mama, usimwulize dada. Ukimwuliza atajua ilikuwa yako. Nikamwahidi."

Alikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa na kifua kisichoweza kubeba ndoo ya maji, na alitubeba sisi wawili humo, kila mmoja amemwahidi kumnyamazia mwenzake, mpaka alipokufa.

Wingu la kwanza lilitoka kwenye mkorosho wa mashariki, likasimama, kisha upepo ukalileta taratibu upande wetu. Nguo za Mfaume zilikuwa mapajani mwangu, safi, zimekunjwa. Mama hakuinuka, nami sikuinuka. Unga wa njano ulitua juu ya mchele, juu ya mashati, juu ya mikono yake na yangu, na hakuna aliyeziba pua.